Je, wajua? Video uliyoiona kwenye kompyuta ya mhariri bado haipo

"Si nimeiona mwenyewe, mwanangu? Nimejiona naongea, nimeiona na miche yangu. Sasa haijawa tayari kivipi?"

Mama aliyeniuliza hivyo anauza miche ya parachichi Tukuyu. Alitaka video ya dakika 2 ya kuonyesha kwenye TV ya banda lake siku za Nane Nane, pale viwanja vya John Mwakangale. Alikuja na Coaster hadi Mbeya, akaketi nyuma yangu kwenye kachumba kangu karibu na soko la Mwanjelwa, akaitazama kazi mwanzo hadi mwisho, akaridhika, akatoa flashi mkobani. Nilipomwomba asubiri kama robo saa kompyuta imalize, akanitazama kwa lile jicho la mtu anayeona anazungushwa.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kama video inacheza kwenye skrini, kinachosubiriwa ni nini tena? Nilimjibu kwamba ile video aliyoiona haikuwepo. Alichokiona ni vipande vyake arobaini na kitu vikiitwa mbele kwa zamu, upesi kiasi kwamba jicho halioni viungio.

Fikiria ratiba ya harusi mkononi mwa MC. Karatasi moja tu: maharusi waingie na wimbo fulani, shangazi atambulishe ukoo, keki, zawadi, chakula. Ndani ya karatasi hiyo hamna shangazi wala keki. Watu wako kwenye viti vyao, keki iko mezani. Karatasi inasema tu nani aitwe lini, akae mbele kwa muda gani, na muziki upande au ushuke wapi. Faili la mradi wa kuhariri ni karatasi hiyo. Linasema: chukua klipu namba 7, anzia sekunde ya 12, ishia ya 15, ongeza mwanga kidogo, zima sauti yake, halafu mlete mama akiongea. Ndiyo maana mara nyingi faili hilo ni dogo kuliko picha moja ya simu, wakati klipu zenyewe zimejaza diski.

Ndiyo maana pia mkasi wa mhariri haukati kitu. Fundi cherehani akikosea kukata kitenge, kitenge kimekwenda. Mimi nikikata sentensi ya mama katikati kwa bahati mbaya, navuta tu ncha ya kipande na maneno yake yanarudi, kwa sababu klipu iliyotoka kwenye simu haijaguswa.

Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Enzi za filamu ya mkanda, mhariri hakuthubutu kuitia mkasi negativu, yaani mkanda halisi uliotoka kwenye kamera. Alikatakata nakala ya kazi, akaiunga, akaitenganisha, akabadilisha mawazo apendavyo. Pembeni mwa mkanda kulikuwa na namba, na mwishoni kabisa negativu ilikatwa kwa kufuata namba hizo. Kampuni ya Avid walipoleta mfumo wao wa kuhariri kwa kompyuta mwaka 1989, waliondoa mkasi na gundi, lakini ile orodha ya namba ilibaki kuwa moyo wa kazi.

Ukishaielewa ratiba, utaelewa kwa nini wahariri tunasumbuana na mambo ya folda. Ratiba haijui klipu kwa sura, inaijua kwa anwani: iko diski gani, folda gani, inaitwa nani. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilivuta klipu moja kwa moja kutoka kwenye memori kadi ya mteja, nikahariri usiku kucha, asubuhi nikamrudishia kadi yake kwa heshima zote. Jioni nafungua mradi, skrini nyekundu mwanzo hadi mwisho: faili halipatikani. Ratiba ninayo, wageni wameondoka. Nilipompigia mwenye kadi, alikuwa kwenye basi la Dar es Salaam, wanashuka Kitonga.

Tangu siku hiyo sifungui programu kabla ya kufungua folda. Folda moja ya kazi, ndani yake klipu, sauti, picha na nembo. Kila kitu kinanakiliwa humo kwanza, na nakala ya pili inakwenda kwenye diski ya nje. Baada ya hapo jina la faili halibadilishwi wala folda haihamishwi. Inachosha, lakini ni dakika kumi tu.

Kitu cha pili kabla ya kukata chochote ni kuuliza video itatazamwa wapi. Ya simu inasimama: nukta 1080 kwa upana na 1920 kwa urefu. Ya TV ya bandani inalala: 1920 kwa 1080. Ukimaliza kazi nzima ya kulala kisha mteja akasema ni ya status, utakata watu vichwa na mabega ukijaribu kuisimamisha.

Kisha kuna idadi ya fremu kwa sekunde, na hapa ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Video ni picha tuli zinazopita haraka, na kila picha ndiyo fremu. Televisheni za nchi kama zetu, zenye umeme wa 50 Hz, zilizoea fremu 25 kwa sekunde. Marekani, umeme wao ukiwa 60 Hz, walikwenda na 30. Simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa 30 hata zikiuzwa Mwanjelwa. Ukiweka klipu za 30 kwenye mradi wa 25, programu italazimika kutupa fremu 5 katika kila sekunde, na mtu anayetembea taratibu shambani ataonekana anashtukashtuka kama gari lenye mafuta machafu. Kwa hiyo nikikuta klipu zote ni za 30, naweka mradi 30 na maisha yanaendelea. Uamuzi huu ufanywe mwanzoni, maana baadhi ya programu, DaVinci Resolve ikiwemo, hufunga mpangilio huo ukishaingiza klipu.

Umeme huohuo ndio unaoleta ile michirizi inayopanda na kushuka kwenye video zilizopigwa ndani ya duka. Taa nyingi kwenye umeme wa 50 Hz hupwita mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, ikiwekwa 1/50 au 1/100 ya sekunde, kila fremu inapokea mapigo kamili ya mwanga na michirizi inatulia. Hili hurekebishwa wakati wa kupiga. Kwenye kuhariri utahangaika nalo usiku mzima na bado litaonekana.

Kukata kwenyewe sitakueleza sana, ni suala la subira na masikio. Naanza na maneno, si picha: nampanga mama aongee kwa mtiririko unaoeleweka, ndipo nafunika viungio kwa picha za miche, mikono, udongo. Sauti ya video hupimwa mara 48,000 kwa sekunde, na kipimo cha ukubwa wake kina dari, sifuri, yaani sauti kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa. Sauti iliyogonga dari imekatwa kichwa na hairudi, hivyo namweka mzungumzaji chini ya hapo kidogo na muziki chini zaidi. Nusu ya mahojiano ya kwanza ya mama yalirekodiwa chini ya bati, na Tukuyu unaijua: mvua haibishi hodi. Hakuna programu iliyoniokoa. Nilirudi kurekodi tena.

Sasa turudi kwenye ile robo saa.

Picha moja ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Kila nukta ikiandikwa rangi zake kwa baiti 3, fremu moja ni zaidi ya megabaiti 6. Dakika 2 za fremu 25 ni fremu 3,000, yaani karibu gigabaiti 19. Flashi ya mama ilikuwa ya 8. Video niliyompa ina megabaiti kama 150. Zilizobaki zimekwenda wapi?

Zimebanwa, na ubanaji wenyewe ni ujanja wa kupendeza. Kanuni ya kubana video huitwa kodeki, na inayotumika zaidi, H.264, iliyotoka mwaka 2003, haiandiki kila fremu. Inaandika moja nzima, kisha kwa zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Mama amesimama mbele ya kitalu, nyuma yake ukuta na kilima: ukuta hausogei, kilima hakisogei, kwa nini viandikwe mara 25 kila sekunde? Inaandika midomo, macho na mkono unaoinua mche. Kitu kikihama, haikichori upya, inasema tu "kile kipande cha kushoto kimesogea hapa". Baadhi ya fremu hutazama hadi zile zinazokuja mbele, zikaazima kutoka pande zote mbili.

Kwa hiyo si kila sekunde ina gharama sawa. Uso wa mtu anayeongea ni rahisi. Kinachoitesa kodeki ni kile tunachokipenda sisi wa nyanda za juu: shamba zima la majani yakipepea kwa upepo, manyunyu yakianguka mbele yake. Kila jani limehama na kila tone ni jipya, kilichobadilika ni picha karibu yote. Ukiipa video biti chache (biti nane ni baiti moja), sehemu hiyo ndiyo itakayogeuka vigaevigae, wakati mama anaonekana safi kabisa. Ndiyo sababu video hii niliipa biti milioni 10 kwa sekunde. Ingekuwa mama peke yake mbele ya ukuta, nusu yake ingetosha.

Mama aliposikia hayo alikuwa na swali zuri kuliko yote: "Si ungekata tu vipande ukavigundisha, badala ya kuandika upya?" Tatizo ni kwamba ukikata klipu katikati, huenda ukaangukia fremu inayosema tu "jani limesogea kulia". Jani lipi? Lilikuwa wapi? Fremu nzima inayolijua hilo imebaki upande ulioutupa. Kompyuta inabidi irudi nyuma, ifungue picha zote, izijenge upya, iweke rangi na maandishi niliyoyaagiza, ipunguze muziki pale anapoongea, halafu ianze kutafuta kipi kimehama na kipi kimetulia katika fremu zote 3,000. Kazi hiyo ndiyo mtaani tunaiita kurenda.

Mbona basi ilipokuwa inacheza kwa ajili ya kutazama haikuchelewa? Kwa sababu pale ilikuwa inadanganya kidogo. Ikizidiwa inaruka fremu, inashusha ubora, na wewe hutambui kwa kuwa unafuata maneno. Kwenye kurenda hairuhusiwi kuruka hata moja. Laptopu yangu ina umri; mashine zenye kadi nzuri ya picha zina sehemu maalumu ya kubana H.264 na humaliza kazi kama hiyo kabla chai haijapoa. Mimi nafunga madirisha mengine yote, nahakikisha betri imejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati faili linaloachwa huwa halifunguki. Mradi wenyewe uko salama, ni kuanza kurenda upya.

Kuna kodeki mpya zaidi, H.265 ya mwaka 2013, inayobana vizuri kuliko hiyo. Sikuitumia. TV nyingi za zamani haziisomi, na sikutaka mama asimame mbele ya wateja Nane Nane na skrini nyeusi. MP4 yenye H.264 ni kama ugali, hakuna nyumba isiyoijua. Jingine la flashi, hasa kwa wa harusi: flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja la kufikia gigabaiti 4 hata nafasi ikiwa tele. Ibadilishe iwe exFAT, baada ya kutoa vilivyomo, na kwanza hakikisha TV ya mteja inausoma.

Kurenda kulipokwisha niliifungua video kutoka kwenye flashi yenyewe, tukaitazama yote, mama akasema ndaga, asante ya Kinyakyusa, akaondoka. Jioni akapiga simu: kaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha wakulima wenzake na imefifia. WhatsApp nayo ina ratiba yake. Ukituma kama video inaibana tena ili iende upesi. Nikamwelekeza aitume kama dokumenti, ikafika kama ilivyo.

Wiki moja baadaye alirudi Mwanjelwa. Namba ya simu iliyo mwishoni mwa video si yake tena, amebadilisha laini. Nikafungua mradi, nikafuta tarakimu, nikaandika mpya, dakika moja haikuisha. Akaiona namba yake kwenye skrini, akanitazama, akatazama flashi.

"Bado haipo," akasema.

"Bado, mama."

Akavuta kiti, akafungua kikapu, akanimenyea ndizi.