Hofu ya takwimu haianzii kwenye hesabu

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aligonga mlango wa ofisi yangu hapa Moshi, akaniamkia, akakaa, kisha akanyamaza. Mapajani alikuwa na bahasha ya madodoso aliyojaza na akina mama wauza ndizi wa Kiboriloni na Mbuyuni. Wiki tatu alikuwa akizunguka masokoni. Mwishowe akasema: "Madam, kuna kaka pale steshenari anachakata data kwa elfu hamsini. Nikimpa, kuna ubaya?"

Swali hilo huniuma kila ninapolisikia. Mvivu hazunguki masokoni wiki tatu. Binti huyu alikuwa anaogopa sura ya nne ya utafiti wake, ile ya matokeo, na alikuwa tayari kulipa asikutane nayo.

Nimefundisha takwimu miaka mingi, na nimejifunza kuiheshimu hofu hii kama kitu halisi kinachoweza kuchunguzwa. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani, Cruise, Cash na Bolton, walitoa kipimo chake chenye vipengele 51. Hawakuuliza tu kama mtu anaogopa. Waliigawa hofu katika maeneo sita: mtihani na darasa, kutafsiri matokeo, kuomba msaada, kumwogopa mwalimu, kujiona huwezi kukokotoa, na kuona kwamba somo lenyewe halina faida. Ukiyatazama vizuri, kukokotoa ni eneo moja tu kati ya sita. Wanafunzi wangu wengi hukwama kwenye kutafsiri na kuomba msaada. Kukokotoa utafanyiwa na kompyuta. Kusema jibu lina maana gani ni kazi yako, na kukiri kwamba hujui ni kazi ngumu kuliko zote.

Hofu hiyo inafanya nini kichwani? Tunapofanya hesabu, akili hushikilia vitu vichache kwa muda mfupi: namba iliyotangulia, hatua inayofuata, alama ya kutoa uliyoiacha juu. Nafasi hiyo ni finyu. Mwaka 2001 watafiti Ashcraft na Kirk walionyesha kwamba kwa mtu mwenye hofu ya hisabati, nafasi hiyo hupungua pale anapofanya hesabu, kwa sababu wasiwasi nao umekaa humohumo. Ndiyo maana mwanafunzi aliyelielewa swali chumbani kwake analiangalia kwenye testi kama halijui. Hajasahau. Amebanwa. Kumwambia "ongeza bidii" ni kumwongezea mzigo palepale alipoelemewa.

Na wengi wamekuja na mzigo huo kutoka mbali. Hisabati ya kidato cha nne kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa masomo yanayoangusha wengi zaidi nchini. Aliyepona kwa kwenda HKL, yaani mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza, aliamini ameagana na namba moja kwa moja, kisha chuoni anazikuta zinamsubiri. Tena zinamsubiri kwa Kiingereza. Neno wastani alilijua tangu shule ya msingi. Akalipoteza njiani lugha ilipobadilika.

Kwa hiyo siku ile sikufungua kompyuta. Nilichukua karatasi, nikamwomba anisimulie kuhusu wauzaji wawili wowote. Tukawapa mikungu mitano kila mmoja. Ya mama wa kwanza ilikuwa na kilo 18, 19, 20, 21 na 22. Ya wa pili 10, 15, 20, 25 na 30.

"Wastani?"

"Ishirini. Wote wawili."

"Ukitaka mkungu mmoja wa sherehe, ukachukua bila kuchagua, utachukua kwa nani?"

Alijibu kabla sijamaliza. "Kwa wa kwanza, madam. Kwa huyu mwingine unaweza kuangukia ule wa kilo kumi."

Hapo alikuwa ameshalielewa jambo ambalo vitabu huliita standadi devisheni, yaani namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani, kabla ya kuona alama hata moja ya kanuni. Tulipokokotoa tulipata takriban 1.6 kwa wa kwanza na 7.9 kwa wa pili, na namba hizo hazikumtisha, kwa kuwa zilikuwa zinarudia kauli yake mwenyewe. Ninaamini kabisa kwamba maana ikitangulia, kanuni hufuata kwa amani. Sisi walimu tumezoea kuanza na kanuni ubaoni, na hapo ndipo tunapowapoteza watu.

Nilimweleza pia kuhusu William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin. Alikuwa na vipimo vichache tu vya shayiri na bia, akataka kujua aviamini kiasi gani. Mwaka 1908 alichapisha jibu lake kwa jina la "Student", na jaribio la t, la kupima wastani kwa data chache, wanaloliogopa wanafunzi wangu lilitokana na kazi hiyo. Mtoto aliyekua akiona bibi yake akipika pombe ya mbege, akionja pipa hili na lile, anauelewa wasiwasi wa Gosset bila kufafanuliwa.

Kuhusu kuomba msaada, darasani kwangu nimeacha kuuliza "kuna swali?" maana jibu lake ni kimya. Kila mmoja anaandika kwenye kipande cha karatasi, bila jina, sehemu aliyopotea, nami naanza kipindi kijacho na karatasi hizo. Pia kila jedwali lazima kwanza lisomwe kwa Kiswahili, sentensi moja, kana kwamba unamweleza mama uliyemhoji sokoni.

Yule binti hakwenda steshenari. Alirudi baada ya siku nne na ile karatasi ya mikungu, imekunjwakunjwa, ina duara la kalamu nyekundu mahali pamoja.

"Madam, samahani. Mikungu ni mitano. Kwa nini tuligawanya kwa nne?"

Nikamsogezea kiti.