Mkurugenzi wa sanaa wa jarida la mitindo anafanya nini hasa, na kulidizaini jarida upya ni kufanyaje

Ukifungua jarida la mitindo ukaenda kwenye ule ukurasa wa majina ya wafanyakazi, juu kabisa yupo mhariri mkuu, halafu mistari michache chini yake yupo mkurugenzi wa sanaa, na wengi wakifika hapo wanamchukulia ni yule mtu wa kompyuta anayepanga maandishi na picha zisigongane. Siyo yeye. Huyo mpangaji yupo na kazi yake sio ndogo, ila mkurugenzi wa sanaa ni mtu ambaye mara nyingi hapigi picha, haandiki, hashoni nguo, wakati mwingine hata kuchora hachori, na bado ukimtoa jarida zima linakuwa jarida jingine. Kazi yake ni kuamua. Nani apige hizi picha, kati ya picha zote zilizoletwa ipi itoke, itoke kwa ukubwa gani, ikatwe wapi, ikae kushoto au kulia, na msomaji anapoifikia awe ametoka kuona nini ukurasa wa nyuma yake.

Hilo la mwisho ndo watu hawalioni kabisa. Jarida sio rundo la picha nzuri. Picha nzuri kumi zikipangwa zote kwa ukubwa mmoja, kila moja kwenye kiboksi chake, zinauana zenyewe kwa zenyewe na ukifika ya sita umeshachoka, yani hata hukumbuki ya kwanza ilikuwa ya nini.

Mfano ambao kila anayesomea hii kazi anakutana nao ni Alexey Brodovitch, mkurugenzi wa sanaa wa jarida la mitindo la Harper's Bazaar la New York kuanzia 1934 mpaka 1958. Jamaa alizaliwa Urusi 1898, akapigana upande wa jeshi la Weupe, wale waliowapinga Wabolsheviki, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, walivyoshindwa akaishia Paris mkimbizi anayepaka rangi mandhari za jukwaa za Ballets Russes, kundi la wacheza dansi ya baleti, baadae akachora mabango na matangazo, na 1930 akahamia Philadelphia kufundisha. Mhariri wa Bazaar, Carmel Snow, ambaye naye alikuwa ametoka kwa wapinzani wao, jarida la Vogue, muda sio mrefu, aliona kazi zake kwenye maonyesho New York akamtaka hapo hapo. Na tuwe wakweli, uwanja ulishasafishwa kidogo, kwa sababu kule Vogue kulikuwa na mkurugenzi wa sanaa M. F. Agha ambaye mwenye jarida, Condé Nast, alimleta toka Berlin 1929 na yeye ndo alianza kung'oa mafremu na mapambo yaliyokuwa yamezunguka kila picha. Brodovitch huwa anapewa sifa zote peke yake, sio haki sana.

Ila alichokifanya Brodovitch kilienda mbali zaidi. Kabla yake mara nyingi ukurasa ulihesabiwa kama ukurasa, mmoja mmoja. Yeye akawa anahesabu kurasa mbili zinazotazamana kama jukwaa moja, kwa hiyo mwanamitindo aliyeinama kulia anajibiwa na safu ya maandishi iliyoinama hivyo hivyo kushoto, picha inakimbia mpaka ukingoni mwa karatasi bila fremu, au kinyume chake, umbo dogo la mtu mmoja linakaa pembeni na sehemu nyingine yote imeachwa nyeupe. Hiyo nyeupe ndo ilikuwa ugomvi. Ukurasa wa jarida ni mali, tangazo likikaa pale linalipiwa, sasa wewe unaacha nusu ya ukurasa haina kitu na unamwambia mwenye jarida kwamba hapo ndo kuna kazi. Lazima uwe na mhariri anayekukingia kifua, na Snow alikuwa wa aina hiyo. Hapa kuna kitu kikubwa kuhusu hii kazi: mkurugenzi wa sanaa bila mhariri wa kumuunga mkono ni mpambaji tu, na majarida yaliyokumbukwa karibu yote yalikuwa na watu wawili walioelewana.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya mikono. Picha zilitolewa nakala kwa saizi mbalimbali, kubwa, wastani, ndogo, halafu anazikata na kuzisogeza, na kurasa zilizokamilika zinatandazwa sakafuni zote kwa pamoja ili yeye na mhariri waone mwendo wa toleo zima, wapi pana kelele, wapi pametulia, wapi kurasa mbili za nguvu zimefuatana zinabidi zitenganishwe. Mpaka leo maofisi mengi wanabandika kurasa ndogo ndogo ukutani kwa sababu hiyo hiyo, kwenye skrini unaona kurasa mbili tu kwa wakati na ule mwendo unakupotea.

Halafu wapiga picha. Huwezi kupanga vizuri kitu ambacho hakikupigwa vizuri, kwa hiyo sehemu kubwa ya hii kazi inafanyika kabla kamera haijatolewa kwenye begi. Bazaar ilishaanza kunusa huu upepo hata kabla ya Brodovitch, toleo la Desemba 1933 lilikuwa na picha ya Martin Munkácsi, Mhangaria aliyezoea kupiga picha za michezo, ambaye alimpeleka mwanamitindo Lucile Brokaw ufukweni Long Island kwenye baridi akamwambia kimbia, na zama zile mwanamitindo alisimama studio ametulia kama sanamu. Brodovitch akaja kuwalea kina Richard Avedon na Lillian Bassman, na alichowadai kila siku ni wamshangaze. Hakuwa mtu wa maelezo mengi wala mtu rahisi. Ile picha ya Avedon ya 1955 ya mwanamitindo Dovima na gauni la Dior katikati ya tembo wa sarakasi pale Cirque d'Hiver, Paris, ni ya kipindi hicho.

Sasa twende kwenye kudizaini upya. Hapa ndo pana mkanganyiko zaidi, watu wanadhani ni kubadilisha fonti na rangi ya jina la juu. Chukua kanga. Pindo lina mahali pake, mji una mahali pake, jina linakaa chini pale pale, mchapaji anabadilisha maua na maneno kila mzigo mpya lakini ule mpangilio hauguswi na ndo maana ukiiona kwa mbali unajua hii kanga. Jarida nalo lina mpangilio wa hivyo: gridi ya safu (ile mistari isiyoonekana ya kupangia maandishi na picha), fonti za vichwa na za habari, ukubwa wa jina la kava, namba za kurasa zinakaa wapi, sehemu gani inaanza na ipi inafuata, matangazo yanaishia wapi ili zile kurasa za katikati za picha kubwa zipite bila kukatizwa, hata unene wa karatasi. Kila mwezi mkurugenzi wa sanaa anacheza ndani ya hiyo mipaka. Kudizaini upya ni kuibomoa mipaka yenyewe na kuweka mingine, na kuiweka vizuri kiasi kwamba wasaidizi watano wakiifuata kwa miaka kadhaa isiporomoke.

Na huwa haifanyiki kwa raha tu, kuna kitu kinauma. Miaka ya themanini Bazaar ilikuwa imechoka. Jarida la Elle toka Ufaransa liliingia soko la Marekani 1985 likiwa na rangi na ujana mwingi likawapita kwa wasomaji, Vogue ikampata mhariri mpya, Anna Wintour, 1988, na Bazaar ikawa inaonekana kama jarida la mama mkwe wa mtu. Mwaka 1992 wenye jarida, kampuni ya Hearst, wakamchukua Liz Tilberis toka Vogue ya Uingereza awe mhariri, na akaja Fabien Baron kuwa upande wa sanaa, Mfaransa ambaye 1988 alishafanya kazi ya aina hiyo Vogue Italia pamoja na mhariri wake Franca Sozzani.

Toleo lao la kwanza ni la Septemba 1992. Kwenye kava yuko mwanamitindo Linda Evangelista, picha ya Patrick Demarchelier, kichwa cha habari kimoja tu, na herufi A moja kwenye neno Bazaar imeteleza toka kwenye mstari imekuja karibu na mkono wake. Fikiria ujasiri wa hapo, kwenye stendi za magazeti ambako kila kava inapiga kelele na vichwa nane, wewe unaweka kimoja na unalichezea jina lako mwenyewe.

Lakini kazi nzito ilikuwa ndani, kwenye herufi. Baron alitaka Didot, zile herufi za Kifaransa zenye mguu mmoja mnene na mwingine mwembamba kama unywele, ambazo zina undugu na zile alizokuwa anatumia Brodovitch. Shida ni kwamba ukichora herufi hiyo ipendeze ikiwa kubwa, ukiipunguza iwe ya maelezo ya picha ule unywele unapotea kabisa kwenye uchapaji, unabaki na vijiti. Na ukiichora iwe salama ikiwa ndogo, ukiikuza inakuwa nene na ya kishamba. Kwa hiyo mchora fonti Jonathan Hoefler akaitengeneza kwa matoleo saba ya ukubwa tofauti, kila toleo limechorwa upya ili ule wembamba uonekane uleule iwe ni herufi ya kujaza ukurasa mzima au ya mstari mdogo chini. Msomaji hajui hata kidogo kwamba hilo limefanyika, anaona tu jarida limetulia. Mimi kwangu hii ndo sehemu tamu kuliko zote kwenye hii stori, tamu kuliko hata kava.

Baada ya hapo Baron akawa anatumia herufi kubwa kama picha, zinapishana, zinasimama juu ya nyingine, na nyeupe nyingi kuzizunguka. Ukiweka na matoleo ya miaka ya arobaini unaona undugu, ila hakunakili, maana Brodovitch maandishi yake yalifuata mwili wa mtu na Baron maandishi yenyewe ndo mwili. Mwaka 1993 Bazaar ikachukua tuzo za National Magazine Awards za dizaini na za upigaji picha.

Kuna la kutofautisha hapa. Ukiona jarida limetangaza sura mpya, angalia picha za katikati. Kama wapiga picha ni walewale, mapozi yaleyale na mfuatano uleule, basi walichofanya ni kubadilisha nguo za mtu yuleyule, na nyingi huwa hivyo kwa sababu fonti ni rahisi kununua kuliko kumwambia mpiga picha wa miaka kumi kwamba safari hii hapana.

Majarida ya wenye biashara yenyewe, sio ya wanunuzi wa nguo, hayo ni hesabu nyingine. Women's Wear Daily, lililoanza 1910 New York, lilikuwa gazeti la wenye viwanda na wenye maduka, mtu analifungua asubuhi anataka kujua kitambaa kipi kinapanda, nani kauza kampuni, maduka makubwa yanaagiza nini. Ukimwekea huyo nusu ukurasa mweupe unamuibia muda. Hapo mkurugenzi wa sanaa anapambana na vichwa vinavyosomeka haraka, majedwali, picha ndogo ndogo nyingi za jukwaani zipangwe ili mnunuzi wa duka aone urefu wa sketi za msimu mzima kwa jicho moja. Na hao hao mwaka 1972 wakatoa jarida la W, la karatasi kubwa sana, kwa ajili ya macho na starehe, wakayatenganisha mambo mawili badala ya kuyachanganya.

Kwenye simu zile kurasa mbili zinazotazamana hazipo tena. Picha zote zinakuja kwa upana uleule wa kioo, moja chini ya nyingine, na kidole ndo kinaamua mwendo. Kinachobaki mkononi mwa mkurugenzi wa sanaa ni mfuatano, mkato wa picha, na kile kilichoamuliwa kabla ya kupiga, na majarida mengi yakishafika huko huwezi kuyatofautisha ukiziba jina la juu.