Kucha nyeusi si dalili kwamba dawa imekuunguza

Mgonjwa wa kemotherapi (dawa za kutibu saratani) akirudi mtaani hapa Kampala na kucha nyeusi tii, utasikia: "Dawa imemuunguza, aiache." Sivyo. Dawa hizi hushambulia seli zinazogawanyika haraka: za saratani, na pia za ngozi, kucha, nywele na mdomo. Doksorubisini, kwa mfano, huweza kuleta weusi ambao kwa kawaida hufifia polepole, miezi kadhaa baada ya matibabu. Paka mafuta yasiyo na manukato. Kusugua kwa limau (naam, nimeyaona) huchubua tu. Viganja vikivimba na kutoka malengelenge, mwambie daktari. Huenda akapunguza dozi. Cha kutisha hasa ni homa ya nyuzi 38: usimeze Panadol ukalala, nenda hospitali usiku huohuo.