Kofadamu ya maji na sentimita 25 zinazoamua kazi

Kila tunapotandika tyubu za kujazwa maji mtoni ili ziwe ukuta wa kuuzuia mto, watu hujipanga kwenye kingo za daraja na swali huwa lile lile: maji yatazuiaje maji? Ni swali zuri, na wengi wanaolijibu, hata wa fani yetu ya uhandisi, hulijibu harakaharaka. "Kwa sababu ni mazito." Kweli ni mazito, ila uzito huo hupungua nguvu kadiri mto unavyopanda, na hapo ndipo kazi hupona au huharibika.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, kofadamu ni ukuta wa muda unaozingira sehemu ya mto ili ndani pakauke na mafundi washuke kufanya kazi kwenye msingi wa daraja. Unaweza kuijenga kwa viroba vya mchanga, kwa tuta la udongo, au kwa mabamba ya chuma yanayogongwa ardhini na mashine. Hii ya maji, yaani tyubu, ni gamba refu la kitambaa kizito kilichofumwa kwa nyuzi za plastiki, na ndani yake mna mifuko miwili mirefu iliyolala sambamba, inayojazwa kwa pampu. Mifuko ni miwili kwa sababu maalumu. Mfuko mmoja ukisukumwa ubavuni unabingirika kama pipa. Miwili iliyobanwa ndani ya gamba moja inazuiana: huu ukitaka kuzunguka, unajikwaruza kwenye mwenzake, maana pale inapogusana nyuso zake zinataka kwenda kinyume, na yote inabaki palepale.

Madaraja mengi madogo ya Dar es Salaam yana tatizo moja kubwa, nalo ni misingi kuliwa na maji. Mchanga unachimbwa mtoni kwa ajili ya ujenzi, sakafu ya mto inashuka, na mvua kubwa ikipita nguzo inabaki msingi wake ukiwa wazi. Kuutengeneza lazima uufikie ukiwa mkavu. Lakini nyumba zimesogea hadi ukingoni, na mashine ya kugonga mabamba ya chuma haipiti kwenye vichochoro. Tyubu iliyokunjwa inabebwa na Canter moja. Tuta la udongo nalo linawezekana, ila mto ukilivunja, udongo wote huo unakwenda kuziba makaravati ya chini, na wanaoingiliwa na maji ndani ni watu ambao hata hawakujua kama kuna kazi inaendelea.

Ndiyo maana naipenda njia hii. Ila naipenda pamoja na hesabu yake, na hesabu yenyewe inahitaji kuelezwa taratibu.

Chukua tyubu yenye kimo cha mita 1.5 na upana wa mita 3, na uifikirie kama sanduku ili tarakimu ziwe nyepesi. Nje mto una kina cha mita 1, ndani tumeshakausha. Kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta, mto unasukuma kwa nguvu ya kama nusu tani. Msukumo huo hukua kwa mraba wa kina: kina kikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne, kwa hiyo mita 2 za maji husukuma kwa kama tani 2.

Kinachoukabili msukumo huo ni uzito wa tyubu. Sanduku letu lina tani 4.5 za maji kwa kila mita, na mtu anaweza kuridhika akaishia hapo. Lakini maji ya mto hayasukumi ubavuni tu. Yanapenya pia chini ya kitambaa, ndani ya mchanga, na kuiinua tyubu. Mimi huchukulia hali mbaya kabisa, kwamba yanainua kwa nguvu ya kina chote. Maana yake uzito unaonisaidia ni wa maji yaliyo juu ya usawa wa mto peke yake: sentimita 50 kwa upana wa mita 3, yaani tani 1.5. Nusu tani inasukuma, tani moja na nusu inakandamiza. Tyubu haitateleza iwapo msuguano kati ya kitambaa na sakafu ya mto unafikia theluthi moja ya uzito unaokandamiza. Mchanga safi kwa kawaida unafika. Tope la utelezi huenda lisifike.

Sasa mto upande sentimita 25. Msukumo unakuwa karibu tani 0.8. Uzito unaokandamiza unashuka hadi tani 0.75. Hakuna mchanga wala tope litakaloshikilia hapo. Kwa robo mita tu, ukuta uliokuwa salama asubuhi umekuwa ukuta unaoteleza kuelekea walipo watu. Kwa hiyo kiwango cha kawaida cha kuacha maji ya nje yasizidi robo tatu ya kimo cha tyubu mimi nakiona ni cha maji yaliyotulia. Kwa mito yetu nabaki na theluthi mbili, na mteja akilalamika kwamba tyubu ya kimo kikubwa ni ghali, namfanyia hesabu hiyo hapohapo kwenye karatasi.

Zaidi ya hapo, ukuta wenyewe unapandisha mto. Ukiziba nusu ya upana, maji yote yanalazimika kupita nusu iliyobaki, kwa hiyo yanakwenda kasi na yanarundikana upande yanakotoka. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakigonga kizuizi hupanda kama sentimita 5. Yakifika mita 2 kwa sekunde hupanda kama sentimita 20. Zile sentimita 25 zimekaribia kuisha na mvua bado haijanyesha. Kasi hiyo pia inakwangua mchanga kwenye kona ya tyubu inayoukabili mkondo, kwa hiyo kona hiyo tunaipa mzunguko mpana na kuipanga viroba miguuni.

Kabla ya kutandika, kazi kubwa ni kusafisha sakafu ya mto, na hii haifanywi na mashine. Vibarua wanaingia na buti ndefu na glovu nene, wanakwenda kwa mstari, hatua kwa hatua, wakipapasa chini kwa reki kisha kwa mkono. Vinatoka vipande vya nondo, shingo za chupa, mabati, matairi, waya wa kufungia nondo uliojikunja, na mifuko ya plastiki iliyozikwa kwenye tope tabaka juu ya tabaka. Nondo moja iliyosimama inatoboa. Mfuko wa plastiki hautoboi kitu, lakini ukibaki chini unatengeneza njia ya maji, na njia hiyo huioni mpaka umeanza kukausha. Baada ya kusafisha tunalaza kitambaa cha chini cha kuchuja, ndipo tunaleta tyubu. Vibarua wote wachanjwe pepopunda kabla ya kuingia, na nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nondo na chupa hukata, na maji ya mito ya mjini yanabeba majitaka ya vyoo.

Tyubu inaanzia ukingoni, sehemu iliyo juu kuliko maji yatakapofika, na inakunjuliwa kuelekea mtoni huku ikijazwa. Sehemu iliyojaa ndiyo nanga ya sehemu inayofuata. Watu wanashika kamba pande zote mbili ili mkondo usiivute, na fundi wa pampu anaangalia mifuko yote miwili ijae kwa pamoja, kwa sababu mmoja ukitangulia gamba zima linalala upande. Mita 30 za tyubu yetu ya mfano zinameza maji kama lita 135,000. Pampu ya inchi 3 ikifanya vizuri inatoa takriban lita 1,000 kwa dakika, kwa hiyo ni zaidi ya saa mbili za pampu moja kunguruma bila kusimama, na mara nyingi inazidi kwa sababu chujio la mdomo wa mpira linaziba takataka na lazima litolewe, lisuguliwe, lirudishwe. Maji tunachota mtoni humohumo.

Ukikausha ndani, maji kidogo yataendelea kuingia. Hilo lisimtishe mtu. Tunachimba shimo dogo pembeni na pampu inayatoa. Cha kuangalia ni rangi. Maji safi yanayochuruzika chini ya tyubu ni ya kawaida. Yakianza kububujika yakiwa na mchanga, kuna mfereji unachimbika chini ya ukuta, na utaendelea kukua. Mtu asiyejua atakimbilia kuziba kwa udongo wa mfinyanzi, na maji yatatafuta pengine pa kutokea kwa nguvu zaidi. Dawa ni kuweka kitambaa cha kuchuja juu ya bubujiko, kisha kokoto, ili maji yatoke lakini mchanga ubaki. Ukiona yamerudi kuwa safi, umefanikiwa.

Mto Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo hadi Jangwani, kisha unaingia baharini penye daraja la Selander. Mvua inaweza kunyesha huko juu wakati Jangwani jua linawaka. Anayekaa chini akitazama mawingu ya juu yake atachelewa. Kwa hiyo kila kazi ya namna hii inataka mtu aliyeko juu ya mto mwenye simu iliyojaa chaji, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unaosomwa kila siku, na nguzo ya vipimo iliyopakwa rangi mbele ya tyubu. Maji yakigusa njano, vifaa vinatoka. Yakigusa nyekundu, watu wote wanatoka na shimo zima la kazi tulilolikausha linajazwa maji kwa makusudi.

Agizo hilo la mwisho ndilo gumu kueleweka. Siku nzima mmekausha shimo, kisha Injinia anaamuru lijazwe! Lakini maji yakiwa sawa pande zote mbili, msukumo unaisha, na tyubu haina tena sababu kubwa ya kuteleza. Ukikataa kulijaza wewe, mto utalijaza wenyewe, tena kwa kuisukuma tyubu hadi kwenye nguzo za daraja. Pampu ya kazi hiyo inakaa tayari imeelekezwa ndani, ina mafuta, na imejaribiwa asubuhi.

Alama nyekundu siiweki kwa hesabu peke yake. Nawauliza wenyeji. Mama mmoja anayeuza chakula karibu na mto nilimwamkia, tukaongea, akaninyooshea mkono kwenye ukuta wa nyumba yake: "Mwanangu, ile ya kawaida inaishia hapa kwenye ngazi. Ile kubwa ilifika dirishani." Alama ya namna hiyo ukiipima kwa mashine ya kupimia usawa, unapata kumbukumbu ya mto kwenye mito ambayo haina kituo cha kupima maji.

Karibu na bahari hali ni nyingine kabisa. Dar es Salaam wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hata wakati wa maji mafu tofauti inafika kama mita 1. Mdomoni mwa mto, tyubu ya mita 1.5 haina kazi. Huko pigeni mabamba ya chuma, au jengeni kwa nguzo zinazochimbwa kutoka juu ya maji. Njia hii ni ya mito midogo ya juu, yenye kina kifupi, kipindi cha kiangazi.

Wakati wa kuondoa, kwanza shimo linajazwa taratibu mpaka usawa ulingane, ndipo tyubu zifunguliwe. Maji yaliyogusana na zege bichi hayamwagwi mtoni, yana makali yanayoua samaki. Yanakaa kwenye tangi mpaka yatibiwe. Kambale na perege wanaonaswa ndani wakati wa kukausha huwa tunawatoa kwa wavu na ndoo siku ya kwanza, na hiyo iwemo kwenye mpango wa kazi mnaowasilisha pamoja na maombi ya vibali kwa taasisi ya serikali ya usimamizi wa mazingira na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Kilichobaki ni kalenda, na hapa nazungumza na wanaoandaa zabuni. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na vuli si mvua ndogo ya kudharauliwa: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili. Muda mzuri wa tyubu ni Juni hadi Septemba, na upenyo mfupi wa Januari na Februari. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Mchakato wa zabuni ukianza hapo, mkandarasi anakabidhiwa saiti mawingu ya vuli yakiwa yameshajikusanya, na mkataba unamhesabia siku. Andaeni michoro na vibali kabla ya Julai, au andikeni wazi ndani ya mkataba kwamba kazi ya ndani ya mto haianzi kabla ya Januari na siku za kusubiri hazina faini.