Corolla, gari lisilotakiwa kufeli somo hata moja

Mteja akija gerejini kwangu hasemi kwamba anaendesha Corolla. Anasema, “Fundi, nina 110,” au “nina NZE,” na hapo hapo najua nitakutana na injini gani. Namba hizo si majina ya mtaani. Zimeandikwa kwenye kibati kidogo ndani ya boneti. Katika AE100, A ni ukoo wa injini, E ni Corolla yenyewe, na 100 ni kizazi chake. NZE ni Corolla yenye injini ya ukoo wa NZ. Na ukikuta KE, umekutana na babu, kwa sababu injini ya K ndiyo iliyoanza na Corolla ya kwanza mwaka 1966.

Naomba nikae kidogo kwa huyo babu, maana tabia za wajukuu zimetoka kwake.

Aliyeongoza usanifu wake ni Tatsuo Hasegawa. Wakati wa vita alikuwa mhandisi wa ndege katika kampuni ya Tachikawa, akisanifu Ki-94, ndege ya kivita ya kuruka juu sana. Japani iliposhindwa mwaka 1945 ilikatazwa kutengeneza ndege, na wahandisi wa aina yake wakatawanyika kutafuta kazi. Yeye akaingia Toyota mwaka 1946. Kabla ya Corolla alishughulikia Publica, gari dogo la Toyota lililotoka mwaka 1961 na injini ya silinda 2, cc 697, inayopozwa kwa hewa. Ilikuwa ya bei nafuu, lakini zile za mwanzo hazikuwa na redio wala hita, na mauzo yakawa chini ya matarajio. Namwelewa sana mnunuzi wa wakati ule. Mishahara ilikuwa inapanda, na mtu aliyejinyima miaka kadhaa ili anunue gari lake la kwanza hataki gari linalowatangazia majirani kwamba pesa ziliishia njiani.

Kutokana na hapo Hasegawa akashika kanuni ya alama 80. Gari la watu wengi lazima lipate alama 80 katika kila somo: bei, nguvu, starehe, uimara, muonekano. Kisha kuwe na masomo machache ambayo linavuka 90, ili mtu alipende na si kulivumilia tu. Kwa hesabu hiyo, gari lenye 95 kwa bei na 50 kwa starehe limefeli.

Kanuni hiyo ilijaribiwa mapema. Aprili 1966 Nissan walitoa Sunny ya cc 988. Corolla nayo ilikuwa imepangiwa cc 1000, lakini Toyota wakaikuza injini hadi cc 1077, na ilipoingia sokoni Novemba mwaka ule matangazo yakajivunia hizo cc 100 za ziada. Nissan hawakusahau. Sunny mpya ya cc 1200 ilipotoka mwaka 1970, walitangaza kwamba gari la jirani litaonekana dogo! Mashindano yale yalimfaidi mnunuzi kuliko mtu yeyote.

Injini ya Corolla ile ya kwanza, K, ni kazi ya mtu aliyefikiri. Waliilaza kwa nyuzi 20 ili boneti ishuke chini. Krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, imekaa juu ya beringi 5, wakati ya Sunny ile ya kwanza ilikaa juu ya 3, kwa hiyo ikizungushwa kasi inatulia. Ukoo huo uliendelea kukua hadi 7K ya cc 1781, na mimi nilijifunzia kurekebisha valvu kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kwenye 5K ya LiteAce, gari dogo la Toyota la aina ya van.

Mwaka 1983 Corolla nyingi zilihamia kuvuta kwa magurudumu ya mbele. Propela shafti, ule mhimili wa kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ikaondoka, nafasi ya abiria ikaongezeka.

Sasa swali ninaloulizwa zaidi: 100 au 110? Ziweke pamoja uone uchumi wa Japani ulivyoandikwa kwenye bati. AE100 ilitoka mwaka 1991, lakini ilisanifiwa wakati bei za ardhi na hisa zikipaa na kampuni hazikuogopa kutumia. Funga mlango wake usikilize ule mlio mzito. Ya 110 ilikuja mwaka 1995, utajiri ule umeporomoka, wahandisi wametakiwa kubana gharama na uzito. Zipo zilizotoka na bampa nyeusi, hazikupigwa rangi. Injini ni zilezile, 5A na 4A, na spea zake nyingi zinaingiliana. Kwa 110 nzuri utashukuru kwenye mafuta. Lakini ukinipa zote mbili zimetunzwa sawasawa, nachukua 100 bila kufikiri mara mbili, kwa sababu naona katika 110 somo la starehe lilishuka chini ya 80. Hata hivyo Wajapani waliendelea kuinunua: Corolla iliongoza mauzo nchini kwao miaka 33 mfululizo, hadi Honda Fit ilipoipita mwaka 2002.

NZE, ya mwaka 2000, ilibadilisha mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu ziende sawa na pistoni, ikaweka cheni. (Babu K naye alikuwa na cheni.) Wateja wengi wanasikia “cheni” wanaelewa “haiguswi”, na hili linaniumiza. Kinachokaza cheni hiyo ni presha ya oili. Ukichelewesha oili, au ukiweka ya bei rahisi, kikazio kinalegea na cheni inatanuka. Kwenye 4A ya kawaida mkanda ukikatika gari linazima tu, unafunga mwingine unaondoka. Kwenye 1NZ, injini ya NZE, cheni ikiruka, valvu zinaweza kugonga pistoni. Kwa hiyo ukiwasha asubuhi ukasikia mchakacho wa sekunde mbili tatu upande wa mbele wa injini kabla oili haijapanda, lete gari wiki hiyohiyo.