Draya Ikigoma, Taima Husingiziwa Mengi

Julai ya Nairobi nguo hukaa kwenye kamba siku mbili na bado zina unyevu. Ndipo draya, yaani mashine za kukausha nguo, zilizolala tangu Januari huwashwa, zikagoma, na lawama ya kwanza ikaangukia taima, kile kifaa kinachopanga muda wa kukausha. Nadhani ni kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo mwenye mashine huishika kila siku. Nazungumzia taima ya kuzungusha kwa mkono; draya ya skrini hutumia bodi ya kielektroniki, na hiyo ni habari nyingine. Haya ndiyo malalamiko ya wenye draya, na majibu yangu.

"Haiwaki kabisa, basi taima imekufa."

Huenda, lakini iweke mwisho. Chomeka pasi kwenye soketi hiyo hiyo uone kama inapata moto. Kagua fyuzi ya ampea 13 ndani ya plagi. Funga mlango usikilize kama swichi yake inalia "tik". Draya ya kondensa, ile inayokusanya maji ya nguo kwenye tangi lake, husimama tangi hilo likijaa, na wapo waliomlipa fundi nauli kutoka mjini hadi Kileleshwa aje kumwaga maji.

Kuna pia fyuzi ya joto, kidude kidogo kinachokaa kwenye njia ya hewa ya moto. Hiyo hukatika mara moja tu na hairudi. Ikikatika, mashine nyingine huzima kabisa, nyingine huzunguka bila moto. Baadhi ya mafundi huiruka kwa kipande cha waya, mteja akafurahi kwa kuwa kazi imeisha kwa bei rahisi. Mimi fundi wa hivyo simruhusu arudi. Mara nyingi fyuzi hiyo hukatika kwa sababu nyuzi za nguo zimeziba njia ya hewa. Ukiiruka, umewacha moto na nyuzi kavu pamoja bila mlinzi.

"Imeganda, haisogei."

Hapa ndipo taima nzima hutupwa. Ndani yake mna mota ndogo inayozungusha magurudumu yenye meno, nayo yanafunga na kufungua swichi za moto na za pipa linalozungusha nguo. Kwenye draya nyingi zenye taima hii, ukichagua hali ya kujipima yenyewe (mashine iamue nguo zimekauka lini) badala ya dakika, mota hiyo hupata stima pale tu thamostati, swichi inayofuata joto, inapozima hita, yaani kipasha joto. Nguo zikiwa bado mbichi, hita huwaka karibu muda wote, na taima husimama. Haijaganda, inangoja.

Kwa hivyo ipime kwa dakika. Iweke 30, weka alama ya penseli kando ya kitufe, urudi baadaye. Ikisogea kwa dakika lakini ikagoma kwenye hali ya kujipima, taima ni nzima: tafuta chujio lililoziba, hita iliyokatika au thamostati. Ikigoma kote kote, chomoa plagi, tenga waya za mota ya taima na uipime kwa mita ya stima, kwenye ohm. Nzima husoma ohm elfu kadhaa. Isiposoma chochote, koili (waya uliosokotwa ndani ya mota) imekatika.

"Taima inachelewa, imezeeka."

Ikiwa draya ilikuja kwa kontena kutoka Marekani, haijazeeka. Mota ya taima hufuata mapigo ya stima. Kule ni hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde, hapa ni 50, kwa hivyo dakika 60 huwa 72. Transfoma hushusha volti, haibadilishi hezi. Ukinunua taima mpya ya aina ile ile, nayo itachelewa vile vile.

"Inazunguka bila moto, nusu ya stima imepotea."

Hii imetoka kwenye video za Wamarekani. Draya zao hulishwa na waya mbili za moto, yaani zinazoleta stima, na moja ikikatika pipa huzunguka bila joto. Draya yetu ya plagi ya kawaida hupata volti 240 kwa waya mmoja wa moto, kwa hivyo hilo halipo. Pima hita: ya wati 2,000 husoma takriban ohm 29. Ikiwa sawa, pima fyuzi ya joto na thamostati, kisha swichi ya moto ndani ya taima, ambayo ikifungwa inafaa kusoma karibu sifuri. Na kama moto hupotea dakika chache za mwisho tu, hakuna kilichoharibika. Mashine inapoza nguo.

"Taima ni taima, mradi kitufe kinaingia."

Mbili zinaweza kufanana kwa sura, na ndani swichi zikafunguka kwa mpangilio tofauti. Nenda Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya stima mjini Nairobi, na ile ya zamani mkononi, ulinganishe namba iliyochapwa juu yake pamoja na volti na hezi. Anayekwambia "hii inaingia zote" bila kuangalia namba, mshukuru uendelee na safari.

Kufunga taima mpya si kazi ya kutisha. Plagi iwe nje, si swichi ya ukutani kuzimwa tu. Piga picha ya waya, kisha zihamishe moja moja kutoka taima ya zamani hadi mpya, bila kuzichomoa zote kwa pamoja. Vuta kwa kushika kichwa cha chuma, usivute waya. Kichwa kilichoungua na kuwa cheusi kikatwe na kuwekwa kipya, kwa maana kikilegea kitapata joto na kuunguza taima mpya pia. Jaribio la kwanza liwe la pipa tupu, dakika kumi, wewe ukiwa karibu.