Wimbo wa kampeni: mwanasiasa ananunua nini hasa?

Uchaguzi ukikaribia, simu ya studio huanza kulia mapema. Mara nyingi anayepiga si msanii, ni meneja wake au mtu wa kamati ya kampeni, na maombi yao hayapishani: jina la mgombea lisikike kwenye kiitikio, kazi iwe tayari kabla ya Jumamosi, na melodi iwe ile ile ambayo watu wanaijua. Nimetayarisha muziki Dar es Salaam kwa miaka mingi. Hilo ombi la tatu ndilo lenye biashara yote.

Mkutano wa hadhara hauna subira. Watu wamesimama juani, spika zinakoroma, upepo unabeba nusu ya maneno. Wimbo mpya lazima usikilizwe mara kadhaa ndipo mtu auitikie. Uliokwisha vuma ukigonga mara mbili tu, miguu imeshajua. Kwa hiyo tunaacha biti ilivyo, tunafuta sauti ya mwimbaji, na maneno mapya yanakaa mle mle yalimokaa ya mapenzi. Harmonize alifanya hivyo mwaka 2019: aliuchukua Kwangwaru, uliovuma mwaka uliotangulia akiwa na Diamond Platnumz, akatoa wimbo wa kumsifu Rais Magufuli. Mwaka 2020 Diamond naye akaugeuza wimbo wake Baba Lao kumpigia debe mgombea huyo huyo wa CCM.

Kinachotukesha studio ni jina. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo unatakiwa uangukie kwenye pigo zito la ngoma. Ma-gu-FU-li linaingia kama limetungiwa. Jina refu, au lenye mkazo unaopishana na pigo, huukwaza umati: nusu wanatangulia, nusu wanachelewa, na kiitikio kinakufa. Hapo tunatafuta jina la utani, au kifupisho cha chama, au neno moja tu la kupigia kelele.

Basi kinachonunuliwa ni kumbukumbu ambayo msanii ameijenga kwa muda mrefu kwenye redio, harusini na ndani ya daladala. Mwanasiasa anaikodi kwa msimu mmoja. Mahaba ya wimbo, hata hivyo, hayahamii kwa aliyetajwa ndani yake. Nikiwa nyuma ya mitambo nimeona zaidi ya mara moja nyota akimaliza kuimba, na kundi zima la vijana likianza kuondoka kabla mgombea hajashika maikrofoni. Waandaaji wazoefu wanalijua hilo, ndiyo maana humgawa msanii: nyimbo mbili kabla ya hotuba, nyingine baada yake. Tarehe 6 Agosti 2022 Diamond alikwenda Nairobi kutumbuiza kwenye mkutano wa kufunga kampeni za Azimio, muungano wa Raila Odinga, pale Kasarani. Uwanja ulishangilia. Siku tisa baadaye aliyetangazwa mshindi ni mpinzani wao, William Ruto. Simlaumu msanii hata kidogo, maana kura zile zilikuwa na sababu zake nyingi. Ninachosema ni kwamba kujaza uwanja ni kazi moja na kupata kura ni kazi nyingine.

Muziki uliowahi kufanya kazi zote mbili ulikuja na watu waliojipanga. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Bibi Titi Mohamed. TANU ilipomwendea mwaka 1955 alikuwa kiongozi wa kuimba katika kikundi cha ngoma cha wanawake hapa Dar es Salaam. Aliwafuata viongozi wenzake wa vikundi vya ngoma na lelemama, na kila kiongozi akaja na wanachama wake, watu wanaokutana kila mara, wanaozikana na kuozeana. Wanawake waliingia TANU kwa vikundi. Sauti yake ilikuwa nzuri, naam, lakini alichoiletea TANU ni mtandao. Miongo kadhaa baadaye, Kapteni John Komba na Tanzania One Theatre waliifanyia CCM jambo la karibu na hilo: kundi la kudumu, kwaya na taarabu ndani yake, lililokuwepo hata kampeni zilipokwisha.

Kuna pia wimbo unaowatangulia wanasiasa. Unbwogable wa Gidi Gidi Maji Maji, wa mwaka 2002, haukuagizwa na kamati yoyote. Neno lenyewe vijana wawili walilifinyanga kutoka Kijaluo, likiwa na maana ya asiyetishika. Kenya ilikuwa chini ya KANU tangu 1963, watu walikuwa wamechoka, na NARC, muungano wa upinzani, ikaukuta wimbo uko vinywani tayari. Wimbo wa namna hiyo hauwezi kuagizwa ukaletwa Jumamosi.

Msanii naye hulipa. Uganda mwaka 2015 wasanii wakubwa walikusanyika kumwimbia Museveni Tubonga Nawe, na mashabiki wao wengi wakawageuzia mgongo. Bobi Wine alikataa kujiunga. Mwaka 2017 akashinda ubunge wa Kyadondo Mashariki, akiwa na watu wa mitaani waliomjua kabla ya siasa. Diamond alipoteuliwa kuwania tuzo za BET mwaka 2021, Watanzania walizungusha ombi mtandaoni aondolewe, na moja ya sababu walizotaja ni kumwunga mkono Magufuli.

Kuna jeraha langu pia. Biti yangu iliwahi kuzunguka mikoa mizima kwenye gari la matangazo bila mtu kuniuliza. Nilipofuatilia, kila upande ulinielekeza kwa mwingine: meneja kwa kamati, kamati kwa msanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na kugeuza maneno ya wimbo wake bila ridhaa yake ni kuingilia haki hiyo, hata anayegeuza akiwa na bendera ya chama.

Tangu hapo sifungui kazi ya kampeni bila karatasi yenye saini za watu watatu: mtunzi, mtayarishaji na anayelipa. Inasema wimbo utatumika wapi, na kwamba ruhusa inaisha siku ya kupiga kura. Nusu ya malipo hutangulia. Wapo wanaokata simu wakisikia hivyo, nami nawaacha waende.